Safari ya Kikundi Pwani: Begi Mgongoni, Mfuko Mmoja



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya kuku, mikopo midogo na maji safi. Leo tungependa kuzungumza juu ya matembezi ya marafiki kando ya bahari. Msicheke. Vikundi kadhaa vimetuuliza jambo hili, na tumeona linahusu umoja wa kikundi kuliko watu wanavyofikiri.

Wako wanaosema matembezi ni ya wazungu na matajiri. "Mtu wa shamba aende baharini kufanya nini, na mahindi hayajapaliliwa?" Lakini kote duniani marafiki husafiri kwa gharama ndogo, begi mgongoni, wakilala mahali rahisi na kujipikia wenyewe. Huko Australia vijana wengi hufuata pwani ya mashariki kutoka Sydney hadi Cairns, mwendo wa zaidi ya kilomita 2,000, na wengine hufanya kibarua cha kuchuma matunda njiani ili wapate nauli ya kuendelea. Pwani yetu ya Kenya, kutoka Vanga mpakani mwa Tanzania hadi Kiunga karibu na Somalia, ni zaidi kidogo ya kilomita 500 tu. Kikundi kinaweza kuona sehemu nzuri yake kwa siku tano.

Hata hivyo, tunaonya mapema: safari hujenga kikundi au hukivunja. Katika mkutano wa kila wiki tunakaa pamoja saa mbili, kisha kila mtu anarudi kwake. Safarini mko pamoja mchana na usiku, mmechoka, mna njaa, na pesa zinapungua. Tabia ya mtu haifichiki. Kwa hiyo matembezi yapangwe kama mradi wowote ule wa kikundi, na mapatano yafanywe nyumbani kabla ya mabegi kufungwa.

MFUKO WA SAFARI

Sheria ya kwanza: pesa za safari ziwekwe mbali na pesa za mikopo. Ziwe na daftari lake na, ikiwezekana, akaunti yake. Mwanachama anayetaka mkopo wa karo ya mtoto asiambiwe ati pesa zimekwenda Mombasa. Hapo kikundi kimekufa.

Tufanye hesabu pamoja. Kikundi cha watu 10 kikiweka shilingi 150 kila mmoja kwa wiki, baada ya wiki 40 kila mtu ana shilingi 6,000, na wote wana 60,000. Nauli ya treni ya Nairobi hadi Mombasa, daraja la kawaida, ilipandishwa kuwa shilingi 1,500 mnamo Januari 2024. Kwa hesabu hiyo kwenda na kurudi ni 3,000 kwa mtu, yaani 30,000 kwa wote. Zimebaki 30,000. Wekeni kando 6,000 za dharura, zisiguswe isipokuwa kwa ugonjwa au ajali. Zilizobaki ni 24,000. Gawanya kwa watu 10 na siku tano: shilingi 480 kwa kila mtu kwa siku, kwa chakula, matatu, viingilio na malazi. Ninyi mnaotoka mbali ongezeni nauli ya kufika Nairobi. Kabla ya kuanza kuweka akiba, ulizeni nauli ya wakati huo, kwa maana bei hubadilika.

Mnaona wenyewe kwamba 480 si pesa za hoteli. Lakini kikundi kikijipikia chakula cha jioni, na kikiandika barua mapema kuomba ukumbi wa parokia, shule iliyofungwa au nyumba ya kikundi cha wenyeji, inawezekana. Asubuhi mahamri na mbaazi hushibisha. Kulala ufukweni hatushauri hata kidogo. Si salama, na maji ya usiku hayapigi hodi.

Amueni pia mambo ambayo watu huona aibu kuyauliza. Mama aliyechanga mwaka mzima halafu mtoto wake akaugua siku ya kuondoka, atarudishiwa ngapi? Tiketi ikiwa imekatwa tayari, hasara ni ya nani? Andikeni majibu katika kumbukumbu za mkutano, kila mtu atie sahihi.

PESA ZA MFUKONI

Hapa ndipo maneno huwa mengi. Katika kuchanga, wote ni sawa. Mfukoni hawako sawa. Tumeona kikundi kimoja kilichokwenda pwani kikiwa kimoja na kurudi vipande viwili. Watatu walikuwa na pesa zao za ziada, wakataka mashua ya kwenda kuona pomboo. Wengine hawakuwa nazo. Mweka hazina akasukumwa awakopeshe kutoka mfuko wa dharura. Akikataa, ni mbaya. Akikubali, ni mbaya zaidi. Alikubali. Siku ya nne mwenzao mmoja akashikwa na homa, na pesa za kumpeleka hospitali zikatafutwa kwa simu huku watu wakilaumiana. Mgonjwa alipona, lakini urafiki haukupona haraka.

Dawa yake ni mapatano mafupi. Jambo la kikundi hulipiwa na mfuko wa kikundi, na kila mtu hushiriki. Jambo ambalo mfuko hauwezi kulipia wote lifanywe saa za mapumziko, kila mtu kwa pesa zake, bila kukopa na bila kuringa. Mweka hazina awe na msaidizi, na kila jioni wasome hesabu mbele ya wote. Dakika kumi zinatosha.

NJIA TUNAYOPENDEKEZA

Treni ya abiria ya reli mpya ilianza mwaka 2017. Huondoka Syokimau na kufika Miritini, nje kidogo ya mji wa Mombasa. Kila mtu mzima awe na kitambulisho chake. Siku ya kwanza tembeeni Mji wa Kale na muone Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na Waarabu wa Omani wakaiteka mwaka 1698.

Siku ya pili vukeni Likoni. Waendao kwa miguu hawalipi kivuko. Nendeni Gazi, katika Kaunti ya Kwale. Huko kina mama wamejenga njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko. Mgeni hulipa kuingia, na ukiagiza mapema wanakupikia chakula cha Kiswahili. Hapo hapo Gazi na kijiji jirani cha Makongeni kuna mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013. Wanakijiji hulinda na kupanda mikoko. Miti hiyo na matope yake huhifadhi hewa ya kaboni inayozidisha joto duniani, na watu wa ng'ambo hulipa ili hewa hiyo ibaki imehifadhiwa. Pesa hizo zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Mwaka 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Siku ya tatu geukeni kaskazini hadi Kilifi, ambako daraja kubwa lilichukua nafasi ya kivuko mwaka 1991. Siku ya nne fikeni Gede. Kuna magofu ya mji wa kale wa Waswahili, misikiti na visima vya mawe ndani ya msitu, na mwaka 2024 mji huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kando yake kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993. Wakulima wanaoishi ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo, na mabuu yaliyokwisha kujifunga huuzwa nchi za nje kwa maonyesho. Zamani wengi waliona msitu huo ni kizuizi cha kupata mashamba. Msitu ulipoanza kuleta karo, mazungumzo yalibadilika.

Siku ya tano ni ya kurudi Mombasa na kupanda treni. Kwa hiyo ulizeni saa za treni mapema, msije mkaachwa.

Kwa nini tumechagua Gazi na Gede? Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Shilingi unayolipa kwa kikundi cha kijiji hubaki kijijini. Tena hawa ni vikundi kama ninyi. Waulizeni: Mlianzaje? Nani hushika pesa? Mligombana wapi? Majibu yao ni semina ambayo hakuna ofisi itakayowalipisha.

BAHARI HAINA MAZOEA

Sisi watu wa bara tumezoea mto na bwawa. Bahari ni nyingine. Hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na saa hizo husogea karibu dakika 50 kila siku. Mahali ulipopita kwa miguu asubuhi panaweza kuwa na kina cha kukuzidi mchana. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana; wenyeji huita bamvua. Wakati huo tofauti yaweza kupita mita tatu. Kabla ya kutembea ufukweni, muulizeni mvuvi: "Maji yanarudi saa ngapi?" Swali hilo ni bure, na limeokoa wengi.

Mashua isiyo na jaketi la kuelea kwa kila abiria msipande, hata kama bei imeshuka. Ikiwa imejaa, ngojeni nyingine. Hatujasahau kwamba tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilichojaa kupita kiasi kilizama na kuua watu zaidi ya 250, karibu kabisa na nchi kavu.

Majini vaeni sandak au akala, maana penye mawe kuna viumbe wenye miiba. Kombe na matumbawe ya hifadhi za baharini msichukue. Hifadhi za Malindi na Watamu zimelindwa kisheria tangu 1968.

Jambo jingine ni afya. Pwani kuna malaria, na mtu wa Nairobi au wa milimani mwili wake haujaizoea. Chukueni neti. Ukipata homa ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi, nenda hospitali mara moja na umwambie daktari ulikuwa pwani. Usimeze dawa za kuumwa na kichwa ukingoje ipite.

HAKI NA HESHIMA

Watu wengi hudhani ufuko wote ni wa mahoteli. Sivyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi iliyo kati ya maji ya kujaa na maji ya kupwa ni ya umma. Mkulima wa Kitui au fundi wa Kariokor ana haki ya kutembea hapo sawa na mgeni aliyekuja kwa ndege. Tembeeni bila woga, na bila fujo pia.

Haki huenda na heshima. Katika Mji wa Kale na vijijini, vaeni nguo za kusitiri. Leso moja begini hufanya kazi nyingi. Mzee asalimiwe "Shikamoo", si "Niaje". Piga hodi na ungoje kuitikiwa. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Mkifika wakati wa Ramadhani, msile wala kunywa barabarani mbele ya wanaofunga.

MKISHARUDI

Kazi haijaisha. Ndani ya wiki mbili fanyeni mkutano. Mweka hazina asome hesabu yote, pamoja na shilingi zilizobaki. Wale ambao hawakwenda waketi mbele, wauliza maswali wawe wao. Kisha kila aliyesafiri ataje jambo moja aliloliona ambalo kikundi kinaweza kulifanya nyumbani. Pengine ni kitalu cha miti, pengine ni namna kina mama wa Gazi wanavyopokea wageni. Kikundi kilichosoma hesabu zake za safari bila mtu kuinamisha kichwa kinaweza kupewa mradi mkubwa zaidi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, kati yetu kuna mwanachama ambaye hawezi kuchanga shilingi 150 kwa wiki? Tutamsaidia namna gani bila kumwaibisha?

2. Mweka hazina wetu akisukumwa safarini atoe pesa za dharura, nani atasimama naye?

3. Nani atabaki na watoto na mifugo, na safari ijayo atakwenda yeye?

4. Mgeni akitembelea kijiji chetu leo, tuna nini cha kumwonyesha, na pesa yake itabaki mkononi mwa nani?