Maana na Matumizi ya "Rent" na "Tax" Ndani ya Neno Kodi: Mfano wa Mjimwema, Njombe na Makambako

Makala hii inalinganisha maneno mawili ya Kiingereza, "rent" na "tax", ambayo katika Kiswahili hukutana ndani ya nomino moja: kodi. "Rent" ni malipo ya kutumia mali ya mwingine. Hutokana na mapatano, na mlipaji hupata kitu mahususi, kiwe chumba, fremu ya duka au shamba. "Tax" hutozwa na mamlaka kwa nguvu ya sheria, wala mlipaji hawezi kudai kitu mahususi badala yake.

Utata umo katika nomino, si katika kitenzi. Mtu hukodi baiskeli au ukumbi; hakuna akodiye mapato yake. Kitenzi kukodi kimebaki upande wa "rent" peke yake, ilhali kwa "tax" husemwa kutoza au kulipa kodi. Ndiyo maana nomino huhitaji kijalizo: kodi ya pango, kodi ya mapato, kodi ya zuio.

Mjimwema ni jina la kata kadhaa nchini, ikiwemo moja mjini Njombe na nyingine Makambako. Kwa mpangaji wa huko, kama ilivyo katika miji mingine nchini, kijalizo kikidondoshwa fedha hupotea. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukusanywa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Anunuaye umeme ndiye akatwaye, ingawa mdaiwa ni mmiliki. Mpangaji anayeambiwa tu kwamba "kodi ni juu yako" hana neno la kuyatenganisha malipo hayo mawili. Asipodai makato yafidiwe kwenye pango, amemlipia mwenye nyumba.

Mmiliki naye ana tatizo lake. Kodi ya pango la ardhi hulipwa Serikalini, hivyo wengi huihesabu kuwa "tax". Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaiita "rent", kwa kuwa ardhi yote ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini, na mwenye hati ana haki ya kuitumia tu. Kutoilipa si deni pekee. Ni kukiuka sharti la umiliki, na huweza kuishia katika kubatilishwa kwa milki. Neno pango, linaloonekana kama ziada, ndilo lililohifadhi maana hiyo. Ufupisho wa mitaani, "kodi ya ardhi", huiacha nje.