Kupima Shimo Jeusi kwa Saa

Mwaka 1963, mwanaastronomia Maarten Schmidt aligundua kwamba 3C 273, kinukta kinachofanana na nyota katika kundi la Mashuke, kiko umbali wa miaka ya nuru zaidi ya bilioni mbili. Mwaka huohuo Harlan Smith na Dorrit Hoffleit walipekua picha za anga kwenye vioo zilizotunzwa katika Chuo Kikuu cha Harvard tangu karne ya 19, wakaona kwamba mwanga wake hupanda na kushuka.

Kupanda na kushuka huko kulifichua ukubwa wake. Kitu kikiwaka chote kwa mpigo, nuru ya upande wa nyuma hutufikia baada ya ile ya mbele. Hivyo kinachobadilika ndani ya wiki moja hakiwezi kuwa kipana kuliko mwendo wa nuru wa wiki moja. Kumbe mwanga unaoshinda galaksi nzima ulitoka mahali padogo mno! Jibu linalokubalika leo ni shimo jeusi lenye uzito wa Jua mara mamilioni hadi mabilioni.

Shimo lenyewe haling'ai. Kinachong'aa ni gesi inayolizunguka kama sahani, ikisuguana hadi kuwaka. Mtiririko huo hautulii: joto na nguvu za sumaku huuvuruga. Karibu na shimo, gesi yenye joto kali zaidi hutoa eksirei. Zikizidi, huipasha sahani joto, nayo hung'aa baadaye kidogo. Kuchelewa huko huwapa wanasayansi upana wa sahani.

Baadhi ya mashimo hurusha mikondo ya chembe kwa kasi inayokaribia ya nuru. Julai 2006, darubini za H.E.S.S. nchini Namibia zilinasa miale ya gama kutoka PKS 2155-304, galaksi yenye shimo la aina hiyo, ikibadilika ndani ya dakika chache tu, ilhali nuru huhitaji saa kadhaa kuvuka upana wa shimo lake.

Kanuni ya mwendo wa nuru haikuvunjika. Mkondo wa shimo hilo unatuelekea, na kwa kasi yake matukio ya muda mrefu hutufikia yamebanwa katika muda mfupi. Hata hivyo, wanasayansi wengi huona kwamba mlipuko huo wa miale ulizaliwa katika kipande kidogo tu cha mkondo. Saa, basi, hupima pale mwanga unapotoka, na si lazima pawe shimo lenyewe.