Kura ya Garsen na Mwendo wa Ng'ombe

Watu husema Garsen haipigii chama, yapigia kabila: Wapokomo kwao, Waorma na Wawardei kwao. Kuna ukweli hapo, lakini sisi twaona jambo moja husahauliwa, nalo ni mwendo wa ng'ombe.

Mfugaji hujiandikisha kijijini. Kiangazi kikikaza, hushuka na mifugo hadi Delta kutafuta majani. Sheria yataka mtu apige kura kwenye kituo alichojiandikisha, basi. Siku ikifika yeye yuko mbali, kitambulisho ki mfukoni tu. Mkulima naye ana maji: Desemba 1997 mvua za El Niño zilikata barabara, na upigaji kura nchini ukaongezwa siku ya pili.

Tena kuna hofu. Mapigano ya Tana Delta, Agosti 2012 hadi Januari 2013, yaliua watu zaidi ya 100, na maelfu wakahama. Uchaguzi ulikuwa Machi 4. Aliyekimbia nyumba alikiacha na kituo chake.

Kuhamisha kituo kwaruhusiwa, bila malipo, ila si uchaguzi ukiwa mlangoni. Ujao ni Agosti 2027. Wenye mifugo, ulizeni afisi ya IEBC kabla hamjashuka.