Mikate ya Mdalasini Bila Jiko la Umeme

Wenzangu wengi hudhani kwamba mikate ya mdalasini, ile laini iliyojiviringa kama jongoo, haiwezi kuokwa ila na mtu mwenye jiko la umeme. Mimi sioni hivyo. Mkaa, sufuria mbili na subira vyatosha. Lililo kubwa ni kuijua hamira.

Hamira ni viumbe hai wadogo mno wasioonekana kwa macho. Hula sukari na kutoa hewa, nayo hewa hiyo ndiyo iumuayo mkate. Katika baridi hulegea. Katika maziwa yenye moto wa digrii 60 hufa. Basi chovya kidole: maziwa yakiwa vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga, yanafaa.

Vitu vinavyotakiwa ni hivi: unga wa ngano vikombe 3, maziwa kikombe 1, hamira vijiko vidogo 2, sukari vijiko vikubwa 3, siagi iliyoyeyushwa vijiko vikubwa 2, na chumvi nusu kijiko kidogo. Vya kutia ndani ni siagi laini vijiko vikubwa 3, sukari nusu kikombe, na mdalasini uliosagwa vijiko vidogo 3.

Koroga hamira na sukari kidogo katika maziwa, ungoje dakika 10. Povu likitokea, hamira i hai. Lisipotokea, usipoteze unga wako. Tafuta hamira nyingine. Kisha changanya vyote, ukande dakika 10 hata donge liwe nyororo. Lifunike, liache liumuke hata liwe mara mbili ya kwanza. Vitabu vingi husema saa 1, lakini Mwanza iko yapata mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani. Donge laweza kuwahi. Tazama donge, usitazame saa.

Lisukume kwa kifimbo cha chapati hata liwe na unene wa nusu sentimita. Paka siagi, unyunyize sukari na mdalasini. Mdalasini ni ganda la ndani la mti, na hapa nchini hustawi Unguja, Pemba na milima ya Usambara upande wa Muheza. Usiuchanganye mwingi katika unga wenyewe, maana mafuta yake huidhoofisha hamira.

Sasa viringisha donge kama mkeka, ukate vipande 12 kwa uzi safi. Pitisha uzi chini, pishanisha ncha zake juu, uvute. Kisu hukibonyeza kipande, uzi haukibonyezi. Vipange katika sufuria pana iliyopakwa siagi, uviache tena nusu saa.

Chukua sufuria kubwa zaidi, utie mchanga mkavu kimo cha vidole viwili, uipashe moto, kisha uiweke ile ya mikate ndani yake na kufunika. Mkaa uwe kidogo chini na mwingi juu ya kifuniko, kwa kuwa moto wa chini ndio uunguzao. Baada ya dakika 25 hata 30 mikate itakuwa na rangi ya kahawia. Kazi hii ifanywe nje, kwani mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu ndani ya nyumba zilizofungwa.

Uswidi huipenda mikate hii hata tangu 1999 imetengewa siku yake, tarehe 4 Oktoba. Mdalasini wenyewe haumei katika baridi ya kule. Sisi tunao nchini mwetu.

Wavulana nao wasidhani kwamba kazi hii ni ya dada zao. Anayeweza kupima dawa katika maabara hashindwi kupima hamira jikoni. Jaribuni wakati wa likizo, na wazazi wakionja, watajua kwamba sayansi tunayofundishwa haiishii ubaoni.