Stationary na Stationery

Maneno haya mawili ya Kiingereza sikio haliyatengi. Ndiyo sababu twayapiga chapa. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907; gari la moshi lililosimama stesheni ni stationary, yaani halisogei. Karatasi, bahasha na wino ni stationery. Aombaye kazi ya ukarani akiyachanganya, huenda barua yake ikawekwa kando kwa herufi moja tu.

Hata hivyo ni ndugu. Zamani huko Ulaya wachuuzi wengi walizunguka, kama Waluguru washukao milimani na ndizi zao. Bali muuza vitabu mwenye kibanda cha kudumu aliitwa stationer, yaani mkaa mahali pamoja. Bidhaa zake zikarithi jina lake, na e yake. E hiyo imo pia katika paper, yaani karatasi.