Kalsiamu, Kengele ya Ubongo

Nikiwa kidato cha pili nilipata alama 9 kwa 100 katika mtihani wa bayolojia. Wenzangu bwenini wakanibandika jina "Kichwa Maji", nami nikaamini. Nilikusudia hata kuliacha somo. Kisha nikasoma habari za kalsiamu, nikabadili nia.

Kalsiamu ni yale madini ya maziwa na mifupa. Seli ya ubongo ikiwa imetulia huyafukuza nje, hata yaliyo nje huwa kama mara 10,000 ya yaliyo ndani. Kumbe si bure! Ujumbe ukifika, milango ya seli hufunguka na kalsiamu huingia mbio, mfano wa wanafunzi waliosikia kengele ya chakula.

Lakini kengele isiyo na wa kuisikia ni kelele tu. Ndani ya seli mna protini ambazo kazi yao ni kuihisi kalsiamu. Mojawapo, sinaptotagmini, hukaa kwenye vifuko vya kemikali penye ncha ya neva. Ikiishika kalsiamu, vifuko humwaga kemikali na seli jirani hupata habari.

Nyingine ni kalmodulini, yenye nafasi 4 za kushikia kalsiamu. Ikishazishika hubadilika umbo, ikakikumbatia kimeng'enya kiitwacho CaMKII na kukiamsha. Mipigo ya kalsiamu ikifuatana upesi, kimeng'enya hiki hujitia alama ya fosfeti, kikaendelea na kazi hata kalsiamu ikishaondoka. Ndivyo kiungo baina ya seli mbili kinavyoimarika. Mwaka 1992 wataalamu nchini Marekani walieleza kwamba panya waliokosa aina moja ya kimeng'enya hiki walijifunza kwa shida mahali palipofichwa jukwaa majini.

Basi ndugu zangu, sisemi kwamba kalsiamu ilinifanyia mtihani, la! Ila nilitambua kuwa kushika jambo ni kazi, tena kazi yenyewe hufanywa na vitu vilivyomo hata kichwani mwangu mimi Kichwa Maji. Nikaacha kukesha usiku mmoja tu kabla ya mtihani, nikawa narudia kidogo kidogo kila jioni. Muhula uliofuata nilipata 54. Si nyingi, lakini lile jina limekufa.

Wewe uliyebandikwa jina kama langu, usilipokee. Haba na haba hujaza kibaba.