Walaji wa Methani katika Ziwa Kivu

Maji ya Ziwa Kivu, kati ya Rwanda na Kongo, yameyeyusha ndani yake methani ambayo ikitolewa yote ingejaza kilomita za ujazo zipatazo 60. Kaboni dioksidi iliyomo ni mara tano ya hiyo. Mtu akisikia hesabu hizi hutarajia kwamba methani inafuka juu ya ziwa usiku na mchana. Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Liège nchini Ubelgiji, walipopima gesi inayotoka usoni mwa maji, walikuta kiasi kidogo mno, kati ya vidogo kabisa vilivyowahi kupimwa katika maziwa ya nchi za joto. Gesi ipo tele, na haitoki.

Wanaoizuia ni viumbe wasioonekana ila kwa hadubini: bakteria, pamoja na kundi jingine liitwalo akea. Lakini hadithi yao haieleweki bila kuyajua maji wanamoishi.

Kivu ina kina cha mita 485. Oksijeni hufika mita 60 hivi, tena katika kiangazi cha Juni hadi Septemba, pepo zinapoyakoroga maji ya juu. Masika mpaka huo hupanda karibu zaidi na uso. Humo juu ndimo wanamovuliwa samaki waitwao sambaza. Chini ya hapo hakuna oksijeni hata chembe. Chemchemi zinazopenya miamba ya volkano humwaga kilindini maji yenye chumvi na kaboni dioksidi, na uzito wa chumvi huyafunga maji hayo yasipande. Ndiyo maana Kivu huenda kinyume na mazoea: kadiri unavyoshuka kilindini maji yanazidi kupata joto, mpaka nyuzi 26 za Selsiasi karibu na sakafu, na bado yanatulia palepale kwa mamia ya miaka. Huko ni giza totoro. Mgandamizo unakaribia mara 50 ya ule wa hewa ya pwani, na maji yana salfidi ya hidrojeni, gesi yenye harufu ya yai viza inayoua samaki na watu.

Tumezoea kuyaita mazingira kama hayo magumu, na kwa samaki ni magumu kweli. Akea wanaotengeneza methani wana maoni mengine. Oksijeni ndiyo sumu yao, huharibu vimeng'enya wanavyovitegemea. Kwa muda mrefu walihesabiwa kuwa bakteria tu, hadi mwaka 1977, Carl Woese na George Fox wa Marekani walipolinganisha molekuli za ribosomu zao na kuona kwamba ni ukoo mwingine kabisa wa uhai.

Mwani na viumbe wengine wa maji ya juu wakifa, mabaki yao huzama. Bakteria wachachushaji huyavunja mabaki hayo na kutoa hidrojeni, asetati na kaboni dioksidi. Hapo ndipo watengeneza methani wanapoingia: wengine huunganisha hidrojeni na kaboni dioksidi, wengine huipasua asetati, na kwa njia zote mbili methani hubaki kama taka. Nishati wanayoipata ni ya kujikimu tu, sehemu ndogo sana ya ile ambayo kiumbe mwenye oksijeni angeipata kwa mlo huohuo, kwa hiyo hukua polepole na hawapotezi kitu. Ajabu zaidi, kwa maoni yangu, ni namna makundi haya yalivyofungamana. Hidrojeni ikirundikana, mmenyuko wa wachachushaji huacha kuwapa nishati na kazi yao husimama. Watengeneza methani wakiila hidrojeni, kazi inaendelea. Kila upande unaishi kwa sababu mwenzake anaondoa au analeta kitu fulani, na hakuna anayeweza kuimaliza kazi hiyo peke yake. Si methani yote ya Kivu inatokana na mabaki. Sehemu yake hutokana na kaboni dioksidi ya volkano iliyounganishwa na hidrojeni, ingawa wataalamu wangali wanabishana kuhusu uwiano.

Methani hiyo hupanda taratibu sana, ikisukumwa na maji ya chemchemi na kupenya tabaka moja baada ya jingine. Ikikaribia mpaka wa oksijeni, inawakuta walaji wake. Methani ni molekuli ngumu kuvunja. Viwandani huhitaji joto la mamia ya nyuzi. Bakteria hawa huivunja katika maji ya nyuzi 23 kwa kutumia kimeng'enya chenye madini ya shaba. Sehemu ya kaboni huijengea miili yao, na iliyobaki huitoa kama kaboni dioksidi. Hawawezi kwenda juu sana, maana huko methani haipo, wala chini sana, maana huko hakuna oksijeni. Hujazana katika tabaka jembamba ambamo vyote viwili vinapatikana.

Wako pia walaji wasiohitaji oksijeni. Baharini walielezwa vizuri mwaka 2000: akea na bakteria watumiao salfeti, wameshikamana katika vifurushi vidogo ndani ya mashapo, nao ndio wanaozuia sehemu kubwa ya methani ya sakafu ya bahari isifike hewani. Katika Kivu nako ulaji wa methani bila oksijeni umepimwa, na mgawo wa kazi kati ya kundi hili na lile la juu hubadilika kwa majira.

Je, tabianchi inafaidika nini? Tani moja ya methani, katika miaka 20, huongeza joto la dunia kama mara 80 ya tani ya kaboni dioksidi. Katika miaka 100 ni kama mara 30. Kwa hiyo bakteria anayegeuza methani kuwa kaboni dioksidi hafuti gesijoto, bali anaipunguza makali. Linganisha na vinamasi vya Sudd huko Sudan Kusini. Maji yake ni ya kina kifupi, methani hutoka matopeni ikiwa mapovu au hupitia ndani ya mashina ya mimea, na walaji hawapati nafasi ya kuigusa. Kina na utulivu wa Kivu huwapa walaji muda, na muda huo ndio unaofanya kazi yote. Isitoshe, joto likipanda, watengeneza methani wa vinamasini huongeza kasi haraka, ndiyo sababu wanasayansi wa tabianchi wanavikodolea macho vinamasi vya nchi za joto.

Hofu ya wakazi wa Goma, Gisenyi na Bukavu, miji iliyo kando ya ziwa, ni nyingine. Tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos la Kameruni lilifoka kaboni dioksidi ghafla, na watu wapatao 1,700 wakafa kwa kukosa hewa. Gesi iliyoyeyuka hutulia majini maadamu imegandamizwa. Maji yakiinuliwa, hutoka kama soda iliyofunguliwa kizibo. Kivu ni kubwa mno kuliko Nyos na watu wapatao milioni 2 wanaishi kando yake. Hata hivyo gesi yake haijakaribia kiwango cha kufoka yenyewe, na lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002, iliyopita katikati ya Goma hadi ziwani, haikuyavuruga matabaka ya kilindini.

Rwanda imeamua kuivuna methani. Kiwanda cha bia cha Gisenyi kiliitumia tangu miaka ya 1960, na mwaka 2016 ulizinduliwa mtambo wa KivuWatt karibu na Kibuye, wenye uwezo wa megawati 26. Bomba hushushwa zaidi ya mita 300, na maji yakishaanza kupanda, mapovu yenyewe huyavuta juu. Umeme unaopatikana ni wa kweli, na hatari ya kufoka inapungua.

Nisilokubaliana nalo ni dai kwamba kwa kuichoma methani hii tunainusuru anga. Methani ya Kivu haikuwa njiani kwenda angani. Ilikuwa njiani kuliwa. Ikichomwa kwenye injini hutoa kaboni dioksidi, na ikiliwa na bakteria hutoa kaboni dioksidi vilevile. Faida kwa tabianchi inatokana na dizeli ambayo haikuchomwa, na hiyo inatosha kuutetea mradi bila kuupamba. Tena kuna upande wa pili ambao hausemwi sana: methani iliyo ndani ya bomba imeshawapita walaji wake. Ikivuja kwenye kiungio au kwenye mtambo wa kuoshea gesi, hakuna tena wa kuigeuza, inaingia hewani na makali yake yote. Kupima mivujo hiyo ni jambo la lazima kwa kila mwenye leseni.

Maji yaliyokwisha kukamuliwa nayo yana mambo yake. Yamejaa fosfati na amonia. Yakimwagwa karibu na uso, mwani utastawi kupita kiasi, na ukioza utakula oksijeni ya tabaka lilelile ambamo walaji wa methani wanaishi. Yakirudishwa katikati ya ziwa bila hesabu, yatadhoofisha ule mpaka mkuu wa uzito wa maji ulioko karibu na mita 260, ambao ndio unaozuia gesi ya kilindini. Kwa hiyo mhandisi anayechora bomba la kurudishia maji Kivu anaamua, kwa mita chache za juu au za chini, kama walaji hao watabaki na mahali pa kuishi.